Macbeth Hakukaliwa na Mkewe

Mwezi wa saba huku Karagwe ni mwezi wa harusi. Barabara zimekauka, kahawa iko kwenye mikeka, na mwenye kuoza au kuoa anajua fedha itatoka wapi. Nilialikwa kwenye sendofu moja pale Omurushaka, si mbali na kwetu Nyakahanga. Mzee mmoja, mwalimu mstaafu, akiwa ndani ya kanzu nyeupe na koti jeusi, akakabidhiwa kipaza sauti atoe nasaha. Akamgeukia bwana harusi mtarajiwa.

“Mwanangu, sisi tulisoma Makbeth darasani. Jemadari, simba wa vita, hakuna aliyemweza uwanjani. Kilichommaliza ni nini? Alikaliwa! Mke ananong'ona, yeye anatii. Waitu, usikubali kukaliwa.”

Meza ya marafiki wa bwana harusi ikapigwa makofi mpaka chupa za soda zikalala. Akina mama wakacheka pia, kicheko kile cha kumsitiri mgeni.

Angekuwa mzee huyo peke yake nisingeshika kalamu. Lakini wazo lenyewe nimelikuta kijiwe cha bodaboda, nimelikuta semina ya vijana kanisani, na nimetumiwa kwenye simu mara nne, kila mara kwa sauti ya mtu mwingine anayedai limetoka kichwani mwake. Wengi wanaolisambaza hawajaufungua mchezo wenyewe, Macbeth wa Shakespeare. Mimi nimeufundisha miaka kadhaa, kwa hiyo deni la kujibu ni langu.

Nilieleze wazo lao kama wao wenyewe wangelieleza siku wametulia. Wanasema zamani, iwe kwa Waingereza wa Shakespeare au kwa babu zetu wa Bweranyange, makao ya wafalme wa Karagwe, mwanaume alijulikana. Alikuwa jasiri, hakulia, na neno lake nyumbani ndilo lililofunga mjadala. Michezo ya kuigiza ya zama zile imetuhifadhia sura yake, na imetuonyesha pia anavyoanguka: anaanguka siku mwanamke anaposhika usukani. Leo, wanaendelea, mwanaume amelegezwa. Amelegezwa na semina za jinsia, na limbwata, na mshahara wa mke. Ndiyo maana vijana wanashinda vijiweni na nyumba zinavunjika.

Kuna uchungu wa kweli ndani ya maneno hayo, nami sitaudhihaki. Mnyauko wa migomba ulipoingia Kagera mwaka 2006, wapo wanaume waliokuwa wakihesabiwa kwa vibanja vyao ambao walibaki wakitazama visiki. Ila sijaona mgomba hata mmoja uliopona kwa mwenye kibanja kumkaripia mkewe.

1. Nani alimkalia nani?

Tuanze na shtaka kuu. Mke wa Macbeth anamshawishi mumewe amuue Mfalme Duncan, tena akiwa amelala nyumbani kwao kama mgeni. Hilo ni kweli. Lakini msikilize anavyomshawishi. Hatumii limbwata wala machozi. Anamwambia kwamba siku alipothubutu ndipo alipokuwa mwanaume, na kwa kusita sasa, uanaume umemtoka. Hiyo ndiyo silaha aliyonayo, na kaiazima kwa wanaume wenyewe. Ndiyo hiyo hiyo vijana wa kijiweni wanayoitumia wakitaka mwenzao aliyekunywa rubisi apande pikipiki ateremke mlima usiku.

Macbeth, kwa dakika moja, alikuwa na jibu zuri kuliko yote aliyowahi kutoa: kwamba uanaume una mpaka, na anayeuvuka mpaka huo hazidi kuwa mwanaume, bali anaacha kuwa mwanaume. Angelishikilia hilo, Duncan angeamka asubuhi, akapewa kifungua kinywa, akaenda zake, na sisi tusingekuwa na mchezo. Hakulishikilia. Hakushindwa hoja pale. Alichoshindwa ni kuvumilia kuitwa hivyo.

Wanaosema alikaliwa wanasahau pia mahali wazo la kuua lilipotoka. Lilimjia barabarani, mara tu wachawi walipomtabiria ufalme, nywele zikamsisimka kabla hajamwona mkewe. Mke alipata habari za utabiri huo kwa barua. Na Duncan akishakufa, mke hashirikishwi tena. Macbeth anapopanga kumuua rafiki yake Banquo anamficha mkewe makusudi. Anapoamua watu waende wakamchinje mke wa mpinzani wake Macduff na watoto wake, anaamua peke yake. Mwanaume gani aliyekaliwa ambaye mkewe hapewi habari za mume mpaka mambo yameshatendeka? Anayeamka usiku akiwa usingizini, akinawa mikono damu isiyotoka, ni mke. Na mume akiletewa taarifa ya kifo chake, hata huzuni anaona imekuja wakati mbaya.

Halafu tazama anavyowapata wauaji wa Banquo. Anawaita watu wawili wenye dhiki zao. Wanapojitetea kwamba nao ni wanaume, anawakejeli: mmeorodheshwa tu, kama vile mbwa koko na mbwa wa mawindo wote huorodheshwa mbwa. Wanakubali kuua. Chumba kizima hakina mwanamke, na silaha ni ile ile.

2. Na yule aliyekataa ushauri wa mkewe?

Mzee wa Omurushaka alisahau mchezo mwingine, ambao kwa bahati mbaya yake ulitafsiriwa na mtu ambaye wazee wengi wa rika lake hawathubutu kumpinga. Mwalimu Nyerere aliutoa Julius Caesar kwa Kiswahili mwaka 1963, akiwa Rais, na mwaka 1969 akautoa tena baada ya kuusahihisha, kwa jina la Juliasi Kaizari.

Asubuhi ya kifo chake Kaizari alikuwa ameshaamua kubaki nyumbani. Mkewe, Calpurnia, ameota sanamu ya mumewe ikichuruzika damu. Amembembeleza, amepiga magoti, na mume amekubali. Ndipo anaingia Decius, mmoja wa wauaji, aliyejitolea kumtoa nje. Anaifanyaje kazi yake? Kwanza anaigeuza ndoto iwe ya heri. Kisha anachomeka msumari: watu watacheka. Watasema kikao kiahirishwe mpaka mke wa Kaizari aote ndoto nzuri zaidi. Kaizari anasikia hayo, anaona haya kwa kumsikiliza mkewe, anaagiza joho lake. Muda si mrefu ana majeraha 33, kwa hesabu ya mchezo wenyewe.

Sasa tupige hesabu ya mzee. Macbeth alimsikiliza mkewe, akafa. Kaizari alikataa kumsikiliza mkewe, akafa. Kama kosa ni mke, basi mke ni sumu ukiimeza na sumu ukiitema. Wafu hawa wawili hawafanani kwa mke. Wanafanana kwa kitu kingine: wote wawili waliogopa macho ya wanaume wenzao kuliko walivyoogopa kisu. Na hofu hiyo hiyo, iliyopigiwa makofi mpaka soda zikamwagika, ndiyo aliyofungiwa bwana harusi wetu kama zawadi.

Mifano haiishi. Iago anapoona bwana wake Othello anaanza kuvunjika, anamhimiza awe mwanaume. Aliyehimizwa akajikaza, akaenda akamziba pumzi mke asiye na kosa. Coriolanus, shujaa wa Roma ambaye hakuna jeshi lililomweza, aliitwa mtoto mbele ya maadui zake. Akapandwa na hasira, akaanza kuwakumbusha alivyowachapa nyumbani kwao, wakamuua hapo hapo. Neno moja tu! Majeshi yalishindwa, neno likamuua.

Nisimsahau Portia, mke wa Brutus, mmoja wa waliomuua Kaizari; Portia ambaye huwa anapitwa haraka darasani kwa sababu mtihani haumuulizi. Mumewe ana siri, naye anataka kuijua. Ili aaminiwe kwamba anaweza kuitunza, anajichoma jeraha pajani kwa mkono wake mwenyewe, kisha anamwonyesha. Ndani ya nyumba yake, mbele ya mume anayempenda, anatoa damu kama ada ya kusikilizwa. Wanaotuambia kwamba zamani kila mtu nyumbani alijua nafasi yake, hii ndiyo nafasi yenyewe.

3. Zama zipi hizo?

Zama zinazosifiwa kwa wanaume wake zilitawaliwa na mwanamke kwa miaka 44. Elizabeth wa Kwanza alikikalia kiti cha Uingereza kuanzia 1558 hadi 1603. Shakespeare alizaliwa, akakua, akaoa, akaandika zaidi ya nusu ya michezo yake chini ya mwanamke huyo. Ukipenda neno kukaliwa, hapo lina mahali pake.

Jukwaani kulikuwa na viroja zaidi. Katika kumbi za kulipia za London wanawake hawakuwa wakiigiza mpaka mwaka 1660. Kwa hiyo mke wa Macbeth, huyo mwanamke hatari wanayetishiwa mabwana harusi wa Karagwe, alikuwa mvulana ndani ya gauni. Jemadari mwenye ndevu anaambiwa si mwanaume, na anayemwambia ni kijana ambaye labda sauti haijavunjika, na watu wamelipa kiingilio waone. Watazamaji wale walijua kabisa kilichomo ndani ya gauni. Waliuelewa mzaha huo kuliko sisi tunaougeuza kuwa mahubiri.

Na suruali? Mvulana wa Kiingereza wa siku hizo alivaa gauni kama dada yake mpaka alipofika miaka sita au saba hivi, ndipo familia ikamvalisha suruali kwa furaha kubwa. Vijana wa mjini wana msemo wao, mwanaume suruali, wa kumdharau asiyehudumia nyumba yake. Kwa Waingereza wale kila mwanaume alianza hivyo: uanaume ulishonwa na fundi, ukavalishwa siku maalumu. Mzee wetu wa kanzu nyeupe angeteremshwa London mwaka 1600 vile alivyovaa, wangemdhania padri, au mtoto aliyekawia kukua. (Na yeye akiwaona mabwana wakubwa wa kule, na soksi zao za kubana mapaja na hereni sikioni, sijui angewatolea nasaha gani.)

Je, wao wenyewe walijiona wanaume kamili? Mwaka 1620 Mfalme James aliagiza makasisi wa London wahubiri dhidi ya wanawake wenye kofia pana na nywele fupi. Mwaka huo huo vikachapishwa vijitabu vyenye majina ya Kilatini kilichopindwa makusudi, Hic Mulier na Haec Vir: cha kwanza kinamsuta mwanamke dume, cha pili kinamkutanisha na mwanaume jike. Shakespeare alikuwa na miaka minne tu kaburini, na kilio kilikuwa hiki hiki cha Omurushaka, kwamba wanaume wa siku hizi wamelegea. Rudi nyuma hadi 1583, unamkuta mwandishi Philip Stubbes akilalamika kwamba mavazi laini yamewafanya wanaume dhaifu, tofauti na mababu zao. Ukimfuata mwanaume halisi kurudi nyuma, naye anarudi nyuma, daima kilima kimoja mbele yako.

4. “Achana na Wazungu, sisi tuna mila zetu”

Haya, twende Bweranyange. Mpelelezi Mwingereza, Speke, alifika kwa Mukama Rumanyika mwishoni mwa mwaka 1861, na katika kitabu chake cha 1863 ameandika jinsi mfalme mwenyewe alivyomsimulia alivyoupata ufalme. Walikuwa ndugu watatu. Wakuu wa nchi waliweka mbele yao ngoma ndogo, nyepesi kama unyoya, ila ilitiwa dawa ikawa nzito kwa asiyestahili. Ndugu zake walihangaika nayo mpaka wakachoka. Rumanyika akainyanyua kwa kidole kidogo.

Kidole kidogo! Misuli yote ya Abahinda, ukoo wa kifalme, ilikuwa pale uwanjani, na Karagwe ikaenda kwa aliyetumia kidole ambacho sisi wengine hatukiamini hata kushika kikombe. Wala simulizi za Speke haziishii kwenye dawa. Ugomvi na ndugu yake Rogero uliendelea, na kilichomsaidia Rumanyika ni pembe za ndovu za Musa, mfanyabiashara wa Kazeh, zilizopelekwa Buganda ili Rogero akose wa kumuunga mkono. Kidole na pembe. Ukimtafuta pale yule babu wa kupiga kifua, unamkuta upande wa walioshindwa.

Mila hizo hizo zinazotajwa ndizo zilizosema binti wa Kihaya anaweza kula matunda ya shamba la ukoo maisha yake yote lakini haruhusiwi kuliuza. Mwaka 1990, katika Mahakama Kuu kule Mwanza, Jaji Mwalusanya alilipima katazo hilo kwa Katiba akaliona halina haki, katika shauri la mwanamke aliyeuza ardhi aliyoachiwa na baba yake kwa wasia. Aliyetaka mauzo yatenguliwe alikuwa mwanaume wa ukoo. Nikifundisha Mabepari wa Venisi, tafsiri nyingine ya Mwalimu, ya 1969, huwa nawasimulia wanafunzi kesi hiyo. Portia yule wa pili, wa Venisi, anawashinda wanaume wote mahakamani kwa akili, ila kwa sharti kwamba aingie amevaa kama mwanaume na kwa cheo cha uongo. Wa Kagera alishinda kwa jina lake. Mwanafunzi mmoja aliniuliza, kwa hiyo Kagera ilikuwa mbele ya Venisi? Nilimwambia aandike insha.

5. Majigambo

Sisi wa mkoa huu tunaijua sanaa ya kujigamba. Zamani shujaa alikuwa akisimama mbele ya mukama, mkuki mkononi, akiyamwaga matendo yake kwa pumzi moja. Ni sanaa tamu, na ina sharti: lazima awepo wa kusikiliza. Usiku wa karamu, mzimu wa Banquo unapoketi kwenye kiti chake, Macbeth anaufokea kwamba aje dubu wa Urusi, aje kifaru, aje chui milia, hatatetemeka. Wageni hawaoni mzimu. Wanamwona mfalme wao akijigamba mbele ya kiti kitupu.

Kagera tulimpata wa aina hiyo, hai. Mwaka 1972 Idi Amin alimwandikia Nyerere kwamba anampenda sana, na lau angekuwa mwanamke angefikiria kumuoa, mvi zake zisingekuwa kikwazo. Mwaka 1978, askari wake wakiwa wameshavuka mpaka na kuikalia ardhi yetu ya kaskazini ya Mto Kagera, akataka wawili hao wamalize ugomvi kwa ngumi ulingoni, Muhammad Ali awe refa. Mtafsiri wa Kaizari hakupanda ulingoni. Alishamtafsiri Decius, aliijua bei ya kicheko. Aliposimama kulihutubia taifa alitaja uwezo, sababu na nia. Uanaume hakuutaja. Tarehe 11 Aprili 1979 Kampala ikatekwa, na bondia alikuwa ameshakimbia.

6. Bili

Waswahili wana methali: kwa mwoga huenda kicheko, kwa shujaa huenda kilio. Kwenye Makbeth kuna nyumba ya shujaa ambako hata kilio hakiruhusiwi. Mzee Siward anaambiwa mwanawe ameuawa vitani. Anauliza jambo moja tu: majeraha yako mbele au mgongoni? Akiambiwa ni ya mbele, anatosheka. Malcolm, mwana wa Duncan, anasema kijana anastahili huzuni zaidi ya hiyo. Baba anasema inatosha. Mama wa kijana hatajwi.

Jirani yangu mmoja alificha ngiri miaka sita. Alikuwa akiifunga kwa kitambaa chini ya kanzu, anakwenda kibanjani, anabeba mikungu, anarudi analala kwa ubavu. Siku ilipojisokota ikagoma kurudi, alifikishwa hospitali ya Nyakahanga amelazwa kwenye machela ya miti, mkewe akikimbia kando, viatu mkononi. Hata mkewe huyo alikuwa ameijua hiyo ngiri usiku uliotangulia tu. Mume alifanyiwa upasuaji akapona. Nilipokwenda kumwona nikamuuliza kwa nini hakusema mapema. “Waitu, kwa nani?” akanijibu. “Wangecheka.”

Nami sina pa kusimama nikamrushia mzee wa Omurushaka mawe. Miaka kadhaa nyuma tuliandaa Makbeth katika shule moja ya wavulana. Mke wa Macbeth alichezwa na kijana wa kidato cha tatu, khanga kiunoni. Siku mbili walimcheka, siku ya tatu akaanza kuwatisha. Shida ilikuwa Macduff. Analetewa habari kwamba mkewe na watoto wote wameuawa. Malcolm anamtaka akabiliane nayo kiume. Macduff anajibu kwamba atafanya hivyo, ila kwanza hana budi kuyahisi maumivu hayo, na kuyahisi nako ni kiume.

Kijana aliyemcheza alikuwa amemzika baba yake muhula huo huo. Kila alipofika hapo sauti ilimkatika. Alisimama kimya, kofia ya karatasi ameikumbatia kifuani, kidevu kinatikisika. Nyuma ya ukumbi mmoja akacheka, kisha benchi zima.

Mwongozaji nilikuwa mimi. Mgeni rasmi alikuwa anakuja Ijumaa. Nikachukua kalamu nyekundu, nikaukata mstari ule kwenye karatasi yake, nikamwambia, “Ruka hapa. Shika upanga, jikaze.” Akaruka. Ijumaa tulipigiwa makofi mengi sana.